Mzima Aliyejizima

Valdivia mvua haipigi hodi.
Ina funguo zake. Huingia Aprili,
hutundika koti nyuma ya mlango,
haiulizwi inaondoka lini.

Mimi ni Eduvina Huenchullán, wa zamu ya usiku.
Nalinda nusu ya kitu kimoja,
kwenye ghala lililokuwa la kiwanda cha bia.
Nusu ya pili iko Osorno
kwa Rigoberto Schwencke, mtu wa maneno machache
na chupa kubwa ya kahawa.

Humu wanakaa wasio na miili,
mashine pepe mia moja na arobaini.
Mmoja anajua kundi la damu la kila mgonjwa,
mmoja anapanga zamu za kusafisha figo,
mmoja, maskini, anahesabu mashuka tu.
Neno likiandikwa huku
haliwi neno mpaka kule waseme: limefika.
Tukitaka kubadili feni, tunawahamisha
katikati ya sentensi.
Wanaimalizia Osorno
na hawajui kama wamesafiri.

Alhamisi ile mkaratusi ulianguka
ukazilalia nyaya zetu zote mbili.
Saa nane na dakika kumi na saba za usiku.
Osorno, upo?
Kimya.
Na kule, najua, swali lile lile:
Valdivia, upo?
Kimya.

Kufa si tatizo. Kufa tumekupangia
betri, jenereta, nakala ya nakala.
Hofu yangu ni wote wawili kuwa hai
na kila mmoja kumtangaza mwenzake marehemu,
akarithi kila kitu.
Kisha mgonjwa mmoja ana dozi mbili,
kweli mbili zinakua kila mmoja kivyake,
na asubuhi hakuna sindano ya kuzishona.

Kwa hiyo yupo shahidi.
Anakaa Paillaco, kwa wazimamoto wa kujitolea,
kabatini, chini ya helmeti,
kimashine kisichozidi mkate.
Hajui jina la mgonjwa hata mmoja.
Anajua kusema: nakuona.
Anayeonekana na aendelee.
Asiyeonekana na ajizime.

Hakutuona sisi.

Na tulikuwa wazima!
Umeme upo, taa za kijani safu kwa safu,
feni zinanguruma kama siku zote.
Ipo amri ya kulazimisha. Naijua kwa moyo.
Niliiandika yote, nikaacha kidole hewani,
nikaitazama,
nikaifuta herufi moja moja.

Wakaanza kuondoka.
Wa damu. Wa figo. Wa mashuka akawa wa mwisho,
labda alikuwa na hesabu ya kumalizia.
Wazima wakajizima,
na chumba kikabaki na joto lao.

Dakika nne. Simu ikalia.
“Wameamka,” akasema Rigoberto.
“Wote?”
“Wote. Wanauliza saa ngapi.”
Akakata. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Alfajiri mafundi walikuja na misumeno,
kisha na darubini ndogo, wakaunga nyuzi za kioo
chini ya turubai, mikono ikitetemeka kwa baridi.
Osorno akaanza kutusimulia usiku mzima,
neno kwa neno,
na diski zangu zikaandika bila kubisha.

Saa tatu nikapiga simu zahanati ya Futrono.
Ndiyo, akasema muuguzi Ofelia Catrileo,
skrini iliganda nikiwa na mzee Baldomero.
Presha yake nikaiandika kiganjani kwa kalamu,
iliporudi nikaiingiza.

Nikafungua, nikaiona: mia moja sitini na mbili kwa tisini na tano.
Ipo Osorno. Ipo kwetu.

“Na mkononi bado ipo,” akasema,
“wino huu hautoki kwa sabuni.”